Barua ya Wazi kwa Wazazi wa Wahitimu wa Kidato cha Sita: Mkabidhini Mtoto Mambo Yake Kabla Hajaondoka

Ndugu wazazi na walezi,

Kwanza nawapongeza. Kumsomesha mtoto mpaka akamaliza kidato cha sita kuna gharama anayoijua mzazi mwenyewe: shamba lililouzwa, mkopo wa vikoba, kitoweo kilichopunguzwa nyumbani ili ada itimie. Heshima hiyo ni yenu na hakuna wa kuwanyang'anya.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu hapa Dodoma. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wakikwama huja ofisini kwangu. Nawaandikia kwa sababu ya hali ninayoiona kila mwaka baada ya vyuo kufunguliwa. Vijana wenye akili nzuri, waliopata daraja la kwanza, wanaanguka kwa mambo ambayo hayamo katika mtihani wowote. Mmoja amemaliza pesa ya miezi miwili ndani ya wiki tatu. Mwingine hajala tangu jana na anaona aibu kusema. Wa tatu ameacha kuingia darasani kwa kuwa hapana aliyemwuliza yuko wapi. Ukiwauliza nyumbani waliandaliwaje, utasikia godoro, ndoo, shuka, pasi na sanduku jipya. Vitu vyote walipewa. Kuendesha maisha yao wenyewe hawakupewa hata kwa siku moja.

Ombi langu kwenu ni moja. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na vyuo vingi hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Wengine watakuwa JKT kwa mujibu wa sheria na watarudi wakiwa na wiki chache tu za kukaa nyumbani. Katika muda huo uliobaki, uwe mrefu au mfupi, mkabidhini mtoto mambo yake ayashike mwenyewe, nanyi mkiwa karibu kumwelekeza. Akikosea nyumbani, kosa lake ni somo. Akikosea akiwa peke yake mji wa mbali, kosa hilohilo linaweza kumgharimu mwaka mzima.

Najua wengi mtajibu: "Huyu amezoea, amekaa bweni miaka sita." Naomba tulitazame jibu hilo vizuri. Bwenini kengele ndiyo inayoamsha, inayopeleka mchakamchaka, inayoita chakula na inayozima taa. Yuko mwalimu wa zamu, yuko matroni au patroni, yuko kiranja. Simu hairuhusiwi. Pesa ya matumizi ni kidogo na mara nyingi hutunzwa na mtu mwingine. Akienda JKT atakuta filimbi na afande. Malezi hayo yana faida kubwa, yanajenga uvumilivu, usafi na uwezo wa kuishi na watu. Lakini kijana anaweza kuyapitia yote kuanzia miaka kumi na mitatu mpaka kumi na tisa bila kuamua hata siku moja ale nini, alale saa ngapi, au shilingi elfu kumi aliyonayo aifanyie nini. Kisha Novemba anafika chuoni, ambako hakuna kengele. Ratiba imewekwa, mwenye kwenda aende. Usiku ni wake, simu ni yake, pesa imeingia benki kwa jina lake. Kutoka kuamuliwa kila kitu hadi kuamua kila kitu ni safari ya siku moja tu ndani ya basi. Mtu pekee anayeweza kumpunguzia mshtuko huo ni mzazi.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazotangulia. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, au kwa ndugu zetu wa Zanzibar katika wakala wa usajili wa huko. Kuna namba ya NIDA, kuna maombi ya mkopo HESLB yenye mdhamini na mihuri ya serikali ya mtaa, kuna maombi ya udahili ambayo tangu 2017 mwombaji huyapeleka moja kwa moja kwenye chuo. Akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu ndani ya siku zilizopangwa na TCU, na akizembea nafasi inampita. Katika familia nyingi kazi hii hufanywa na baba, shangazi au kijana wa steshenari, na mwenye mambo yake amekaa pembeni akisubiri kuambiwa. Matokeo yake anafika chuoni hajui neno la siri la akaunti yake mwenyewe, na hajui barua pepe aliyosajiliwa nayo ni ya nani.

Afanye yeye. Apange foleni ofisi ya mtaa, aongee na mtendaji, asome mwongozo wa mkopo ukurasa kwa ukurasa, aandike kwenye daftari tarehe za kufunga dirisha la maombi. Kazi yako iwe kukagua kabla hajatuma, na kumpa nauli. Kijana aliyeweza kufuatilia cheti chake kilichokosewa herufi ataweza pia kufuatilia alama zake za jaribio zilizopotea. Chuoni atalazimika kufanya hivyo mara nyingi.

Kuhusu kozi, nitasema wazi. Wapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaosoma ndoto ya baba. Wanaingia udaktari au sheria kwa kuwa ukoo unataka kuwa na daktari au mwanasheria, na kufikia semista ya pili wamechoka. Mzazi ana haki ya kusema uwezo wake wa ada unaishia wapi, na ana haki ya kuuliza maswali magumu. Kozi hii ina masomo gani mwaka wa kwanza? Inataka tahasusi gani na alama zipi? Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi gani sasa? Mwache mtoto atafute majibu mwenyewe, awapigie wanaoisoma, aende kwa mtu mwenye taaluma hiyo. Kisha aamue yeye. Akichagua kwa ushahidi na kozi ikawa ngumu, atapambana nayo kwa kuwa ni yake. Aliyechaguliwa kozi na wengine atakuwa na wa kumlaumu tangu jaribio la kwanza.

Sasa tuje kwenye pesa, ambako machozi mengi hutokea. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo wa HESLB ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Pesa hiyo, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, huingia kwa mkupuo wa siku sitini hivi. Maana yake kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anaamka asubuhi akiwa na laki sita. Na bumu la kwanza haliji siku anayoshuka stendi. Ni lazima asajiliwe kwanza chuoni, asaini, na majina yapite, kwa hiyo wiki za mwanzo anaziishi kwa pesa ya nyumbani. Mzazi asiyejua hilo humpa mtoto nauli na pesa ya siku tatu, akiamini serikali imempokea getini.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme amekosa hosteli ya chuo, naye akapata chumba mtaani cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja, yaani 360,000. Kwenye laki sita inabaki 240,000, nayo ni 4,000 kwa siku kwa siku sitini. Hapo hujamlipa dalali, ambaye kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja. Hujanunua bando, hujatoa nakala za hendauti, hujapanda daladala. Kijana anayeifanya hesabu hiyo mezani kwenu mwezi wa Septemba ataishi tofauti na anayeigundua Desemba akiwa na elfu mbili mfukoni.

Kwa hiyo mpeni mazoezi ya pesa halisi. Mwezi mmoja mkabidhini pesa ya matumizi ya nyumba nzima, ya sokoni, luku na maji. Aende Majengo, Mwanjelwa au soko lolote lililo karibu nanyi, ajue kilo ya mchele na kilo ya maharage ni kiasi gani, na aandike. Ikiisha tarehe ishirini, msimwongezee haraka. Kaeni naye mtazame daftari lake mwone pesa ilipita wapi. Siku kumi za dagaa na mboga za majani hazitaua mtu, na hatazisahau. Pia eleweni, na mwelezeni, kwamba mkopo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka liishe. Kijana anayelijua hilo mapema hanunui simu ya kifahari kwa pesa ya chakula.

Mtajieni pia mitego kwa majina yake. Uko mkeka wa kubeti, ambao humeza bumu la siku sitini kwa mechi za Jumamosi moja. Iko mikopo ya kausha damu na ile ya kwenye simu, inayotolewa kwa dakika chache na kudaiwa kwa matusi yanayotumwa kwa kila namba iliyo kwenye simu ya mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu nyingi za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kijana hajui kutofautisha yenye leseni na isiyo nayo, na akiwa na njaa hatajali kutofautisha. Kinga yake ni kujua kwamba akipiga simu nyumbani na kusema "nimeishiwa", atasaidiwa kwanza, maswali yafuate baadaye.

Kuhusu chumba, nawasihi wenye uwezo wa nauli mwende kukiona, au mtume ndugu aliye karibu. Kule Changanyikeni na Msewe kwa wanaosoma Mlimani, Ng'ong'ona kwa wa UDOM, Malimbe kwa wa SAUT, wiki ya kufungua chuo madalali huwa wengi kuliko vyumba. Kijana asilipe chumba ambacho hajakiona. Asitoe pesa bila mkataba wenye jina na saini ya mwenye nyumba, tena mbele ya mjumbe. Atazame mlango, komeo, choo, maji, na njia ya kurudi usiku kutoka maktaba. Kama ni binti na chumba kiko gizani mbali na barabara, bei nafuu hiyo isiwashawishi.

Akishapata chumba, atakula nini? Naomba nizungumze hasa na wenye watoto wa kiume. Nimeona vijana wa miaka ishirini wasiojua kubandika maharage, wanaokula chipsi mayai mara mbili kwa siku mpaka pesa na tumbo vyote vinaharibika. Mtoto wa kiume aingie jikoni sasa, kama dada yake. Ajue ugali, wali, maharage, mboga na uji, na ajue kutumia jiko la gesi kwa usalama. Afue, apige pasi, ashone kifungo. Atakapoishi na wenzake wanne chumba kimoja, asiyejua kufanya lolote ndiye anayekuwa mzigo, na ugomvi wa vyumbani huanzia hapo.

Afya nayo ina mambo yake. Mtoto mwenye pumu, selimundu, kifafa, vidonda vya tumbo au mzio wa dawa fulani mara nyingi historia yake iko kichwani mwa mama. Mkabidhini historia hiyo kwa maandishi, na aieleze mwenyewe kwa muuguzi mkiwa mmekaa pembeni kimya. Hakikisheni ana bima. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi wa chuo kwa NHIF umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ni pesa ndogo ukiilinganisha na bili ya siku moja ya kulazwa. Na lile jambo ambalo tunalionea haya, lisemeni. Kaeni na binti, kaeni na kijana wa kiume, mzungumze kuhusu mapenzi, mimba, virusi vya UKIMWI, kinga, na haki ya kusema hapana. Msipoyasema ninyi, atafundishwa na rafiki wa chumba cha jirani ambaye naye hajui.

Waambieni pia kuhusu rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitamka kuwa kosa la jinai, hata kama anayeidai ni mwalimu mwenye alama mkononi. Mtoto aondoke nyumbani akijua namba ya TAKUKURU, 113, ambayo haina malipo. Ajue pia ofisi ya mshauri wa wanafunzi na dawati la jinsia viko wapi chuoni kwake. Juu ya yote, ajue kwamba akiwapigia ninyi mtamwamini. Nimeona binti akinyamaza semista nzima kwa sababu alihofia swali moja la baba: "Ulikuwa umevaa nini?"

Kwenye masomo yenyewe, mzazi anahitaji kujua mambo machache. Semista ina takribani wiki kumi na tano za kufundishwa. Katika vyuo vingi kazi za darasani na majaribio hubeba asilimia 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo anayesubiri kusoma mwishoni tayari ameshapoteza. Akishindwa somo hupewa mtihani wa marudio, ambao wao wanauita sapu. Wastani wake, yaani GPA, ukishuka chini ya kiwango, ambacho mara nyingi ni 2.0, huondolewa chuoni, na hiyo wanaiita kudisko. Matokeo ya NECTA mmezoea kuyasoma mtandaoni kwa namba ya mtahiniwa. Ya chuo yanawekwa kwenye akaunti ya mwanafunzi, na neno la siri analo yeye. Mnachojua kuhusu maendeleo yake ni kile atakachowaambia.

Ndiyo maana maneno mnayoagana naye mlangoni yana uzito mkubwa. Wapo wazazi wanaosema, "Ukifeli usirudi hapa." Wanataka kumtia bidii. Kijana anaposhindwa anayakumbuka maneno hayo na kuyatii kama yalivyo, harudi. Anabaki mtaani akipokea ada na pesa ya kula kwa mwaka mzima baada ya kuondolewa chuoni, huku nyumbani wakijiandaa kwa mahafali. Ukifuatilia utakuta sapu mbili za semista ya kwanza zingeweza kutatuliwa mapema, lau angekuwa na mtu wa kumwambia. Badilisheni maneno hayo. Mwambieni, "Ukikwama, mimi niwe wa kwanza kujua." Kisha mtakapopigiwa simu yenye habari mbaya, msipige kelele. Ulizeni chuo kinatoa njia gani, nani wa kuonana naye, na mwisho wa kufanya hivyo ni lini. Hasira inaweza kusubiri likizo.

Pangeni pia namna ya kuongea akiwa huko. Kumpigia mara nne kwa siku kunamnyima nafasi ya kukua, na kukaa kimya mpaka aombe pesa kunamfanya aamini kwamba simu ya nyumbani ni ya pesa tu. Siku moja au mbili za wiki zinazojulikana zinatosha. Badala ya kuuliza "masomo yanaendaje?", ambalo jibu lake ni "vizuri" siku zote, ulizeni leo amekula nini, jaribio la wiki hii ni la somo gani, rafiki yake mpya ametoka mkoa gani. Majibu ya maswali madogo ndiyo yanayoonyesha mtoto anavyoishi.

Neno la mwisho ni kwa mzazi ambaye mwanawe ndiye wa kwanza katika ukoo kwenda chuo. Najua unajiona huna la kumfundisha kwa sababu hukusoma. Unalo, na ni kubwa. Umeishi kwa kipato kisichotabirika na watoto wakala. Umedaiwa ukalipa. Umekosana na jirani mkapatana. Umemtambua tapeli kwa kumtazama anavyozungumza. Hayo yote mtoto wako atayahitaji kabla ya wiki ya pili kwisha, na chuoni hayafundishwi na profesa yeyote. Kaa naye jioni umsimulie ulivyoyafanya.

Wazazi wenzangu, msisubiri barua ya kujiunga na chuo ndipo muanze. Anzeni wiki hii kwa mambo matatu: mkabidhini faili la karatasi zake zote, mkabidhini pesa ya soko, na mwambieni kwa sauti kwamba mlango wa nyumbani hautafungwa akishindwa. Godoro atalinunua hata akifika. Haya matatu hayauzwi stendi.

Wenu katika malezi,

Mwalimu wa mwaka wa kwanza, Dodoma